Mwongozo wa Kutajirika kwa Muziki Bila Kuuza Wimbo

Mdogo wangu, nimesikia umeacha kazi ya dukani kwa mjomba ili uimbe. Hongera. Mjomba ameshapata kijana mwingine, kwa hiyo kukushauri urudi ni kukupotezea muda, na muda wako sasa una thamani: una jina la kisanii, una akaunti nne za mitandao, na una wimbo mmoja uliorekodiwa kwa mkopo wa shangazi. Kilichobaki ni kuelekezwa. Mimi nimekaa kando ya wanamuziki miaka mingi, nimebeba spika zao, nimewakopesha nauli. Ninazijua njia walizopita waliofanikiwa, na ninawajua kwa majina ambao nauli yangu hawajairudisha.

Kabla ya yote, usiwasikilize wakongwe. Watakusimulia enzi za Radio Tanzania Dar es Salaam, bendi zikisubiri zamu ya kurekodi kule Barabara ya Pugu, wimbo ukapigwa kutoka Mtwara hadi Bukoba, na mpiga solo akarudi Magomeni kwa basi. Wakitoka hapo watahamia kwenye kaseti. Ile miaka Bongo Fleva inaota meno, ukishamaliza albamu kwa P-Funk au kwa Master Jay ulikuwa unaibeba hadi kwa msambazaji Kariakoo. Anasikiliza nyimbo mbili, anapokea simu katikati ya ule wa pili, anakutajia bei. Unasaini, unahesabiwa noti, masta inabaki kabatini kwake. Kaseti zimeuzwa elfu tano au laki moja, anayejua ni yeye na Mola wake. Wasanii walilia, na walikuwa na haki ya kulia.

Ila yule msambazaji alikuwa na kasoro moja ambayo biashara ya leo imeirekebisha: alitoa hela kwanza, ndipo akapeleka mzigo sokoni. Albamu ikidoda, inadoda dukani kwake. Sasa anayetoa hela kwanza ni wewe. Unamlipa prodyuza, unamlipa wa kupiga picha ya jalada, unamlipa dairekta wa video, unamlipa wa kusambaza, unamlipa wa kutangaza, halafu unakaa unasubiri. Mpango huu mpya unaitwa uhuru wa msanii. Ukiulizwa kwenye mahojiano, sema unaufurahia.

Kuachia ngoma

Kazi yenyewe nyepesi. Unajisajili kwa simu kwenye kampuni ya usambazaji wa kidijitali, unapakia wimbo, unapakia picha uliyoangalia pembeni kwa hasira. Baada ya siku chache umo Boomplay, ambayo wenye Tecno na Infinix huikuta ndani ya simu tangu dukani, umo Audiomack, umo Apple Music, iliyofungua milango Tanzania mwaka 2020, umo Spotify, iliyofuata mwaka 2021. Piga picha ya skrini, iweke kwenye stori, andika "Sasa tupo dunia nzima." Ni kweli mpo, na mpo wengi. Mwaka 2022 wakubwa wa biashara ya muziki walikuwa wanataja nyimbo 100,000 zinazopakiwa kila siku, na wakati huo akili bandia ilikuwa haijaanza kuimba. Wako ulikuwa mmojawapo wa jana. Leo zimeingia nyingine.

Hesabu, kwa wasioogopa

Watu hudhani kila wimbo unaposikilizwa kuna bei iliyopangwa. Haipo. Mtandao unakusanya ada za wanaolipia kwa mwezi na fedha za matangazo ya wasiolipia, unakata fungu lake, kisha kinachobaki kinagawanywa, nchi kwa nchi, kwa kuangalia nyimbo za nani zimechukua sehemu gani ya usikilizaji wote. Ndiyo maana mtu mmoja wa Oslo anayelipia kwa kroni anaweza kukuingizia zaidi ya kijiwe kizima cha bodaboda Tandika, ambako wanasikiliza bure na kukatizwa na tangazo la kubeti. Kama una binamu aliyehamia Maskati na hamsemeshani tangu ule ugomvi wa kiwanja, huu ndio wakati wa kupatana.

Tuseme, kwa ukarimu wa mwongozo huu, kila kusikilizwa kunakuletea shilingi nne. Watu mia mbili wanakupandisha daladala hadi Kariakoo. Kurudi utatafuta mia mbili wengine. Ukisikilizwa mara laki moja, na laki moja si mchezo kwa mtu aliyekuwa anauza sabuni mwezi uliopita, una shilingi laki nne. Msambazaji anakata asilimia 15, inabaki laki tatu na arobaini. Prodyuza ana nusu, kwa makubaliano mliyofanya kwa mdomo saa nane usiku: unabaki na laki moja na sabini. Video ilikula milioni mbili. Kwa hiyo wimbo wako umefanikiwa na unadaiwa milioni moja, laki nane na thelathini. Usidhani kwamba ukifikisha milioni utapona. Kusikilizwa mara milioni kunakuachia milioni moja na laki saba mkononi, na video bado inakudai laki tatu.

Ukisikilizwa kidogo hesabu inakuwa fupi zaidi. Tangu mwaka 2024 Spotify hailipi kitu kwa wimbo ambao haujafikisha mara 1,000 ndani ya miezi kumi na miwili. Fungu lake linaingia kwa waliofikisha. Wewe mwenye wasikilizaji mia tisa umemchangia Taylor Swift. Usiwe mchoyo. YouTube nayo, kwa njia yake ya kawaida, inataka uwe na wafuasi 1,000 na saa 4,000 za kutazamwa ndani ya mwaka ndipo ikugawie fedha za matangazo, na hata ikianza kukugawia haitumi mpaka zifike dola 100. Fedha zako zipo, unaziona, hazishikiki.

Utajikuta unafungua taarifa ya mapato usiku, mwanga wa simu umeupunguza ili mwenzio asiamke. Jedwali refu. Kenya, mara 212, dola 0.19. Oman, mara 9, dola 0.02. Huyo ni binamu, mshukuru. Ujerumani, mara 1, dola 0.00. Utamfikiria sana huyo mmoja wa Ujerumani. Ni nani? Alifikaje? Mbona hakurudia?

Asubuhi mama atauliza, kwa hiyo jiandae.

"Mama, wimbo umefika laki moja."

"Alhamdulillahi! Laki moja iko wapi?"

"Laki moja ya wasikilizaji, mama."

"Aa. Na hao wasikilizaji wamekupa nini?"

"Wamenipa mioyo."

"Basi mwanangu, chukua hiyo mioyo uende kwa Mangi, ukaniletee unga."

Walipo wasikilizaji wako

Sasa nikupeleke kwa watu wako halisi. Nenda stendi ya Mbagala Rangi Tatu, au Buza, au Mabibo. Utamkuta kijana ana meza, ana kompyuta iliyong'oka herufi tatu, ana spika imeelekezwa barabarani. Dereva wa bajaji anampa flashi: "Nijazie singeli, na za mapenzi kidogo za abiria wa jioni." Kijana anafungua folda. BONGO MPYA. BONGO MPYA 2. SINGELI KALI. ZILIPENDWA. GOSPO. MAWAIDHA. Anachagua, anaburuta, mstari wa kijani unatembea, buku inalipwa, na dereva anaondoka na nyimbo mia nne. Wako umo. Jina lako limekosewa herufi moja, limefuatiwa na jina la tovuti iliyokuibia, na ikifika sekunde ya ishirini kuna sauti ya dada anaitaja tovuti hiyo juu ya mstari wako bora. Huyo kijana ndiye idara yako ya usambazaji kwa watu wasio na bando, na hajawahi kukukata asilimia 15. Amechukua zote.

Usimpeleke polisi. Mpelekee wimbo mpya mwenyewe, mapema, na soda juu. Singeli ilikua hivyo hivyo: vigodoroni, kwenye flashi na kadi za simu, redio zikaja baadaye kujifanya ndizo zilizoigundua. Mwaka 2017 Nyege Nyege Tapes ya Kampala ilitoa mkusanyiko kutoka studio ya Sisso ya Mburahati, na ngoma za kigodoro zikaanza kuchezwa kwenye matamasha ya Ulaya na watu ambao hawajawahi kuruka mtaro wa Dar. Na kama unaona kugawa nyimbo bure hakuna heshima, watazame Mdundo. Walianzia Nairobi, shabiki anapakua wimbo bila kulipa, wao wanauza matangazo, na mwaka 2020 kampuni iliorodheshwa kwenye soko la hisa la Copenhagen. Huenda yuko mstaafu huko Denmark ambaye pensheni yake ina chembe ya ngoma za Mbagala. Ukimwona, msalimie.

Kutangaza, yaani kazi yenyewe

Sauti yako nzuri, nimeisikia. Tuiweke pembeni. Mmoja wa Watanzania waliovuma sana mtandaoni kwa nyimbo ni Kili Paul wa mkoa wa Pwani, ambaye alivaa lubega la Kimaasai, akasimama na dada yake Neema mbele ya simu, akachezesha midomo kufuatisha nyimbo za Kihindi zilizoimbwa na wengine. Mwaka 2022 ubalozi wa India ulimpa heshima na Waziri Mkuu Narendra Modi akamtaja kwenye kipindi chake cha redio. Nampenda yule kijana, na anastahili. Lakini wewe unayelipia masomo ya sauti, tafakari taratibu.

Kwa hiyo usiandike wimbo. Andika sekunde kumi na tano. Bendi zilikuwa na nyimbo za dakika nane, nusu ya kulia na nusu ya kucheza, na gitaa likijitambulisha kwanza kabla mwimbaji hajapewa nafasi. Msikilizaji wa TikTok hamsubiri mtu ajitambulishe. Anza na kiitikio. Ndani ya kiitikio weka neno linaloelekezeka kwa mkono: shika, achia, mbele, nyuma, inama kidogo. Kisha walipe vijana ishirini wacheze wakionekana wamejitokea tu. Sehemu iliyobaki ya wimbo, ile dakika moja na nusu, jaza unachotaka. Unaweza kuweka hata ujumbe.

Redio haijafa, usidanganywe. Bodaboda, saluni na jikoni kwa mama lishe bado kunasikilizwa redio, na wimbo usiopigwa redioni utaitwa wa mtandaoni, kwa sauti ile ile wanayomwitia mtoto wa nje. Presenta hatakuomba hela hata siku moja. Atakwambia tu gari lake liko gereji.

Halafu kuna kiki, na hapa nakuomba utulie kwa sababu ndipo penye maarifa. Kiki ni tukio lisilohusiana na wimbo linalotokea siku chache kabla ya wimbo. Jumatatu umeachana na mpenzi, ambaye kwa vyovyote mlikuwa hamjawahi kuwa pamoja. Jumanne umelia kwenye mahojiano. Lia jicho moja, la upande wa kamera. Jumatano mama mkwe mtarajiwa ametoa tamko. Alhamisi umefuta picha zote Instagram na kuacha moja nyeusi. Ijumaa wimbo umetoka, na kwa bahati ya ajabu unahusu kuachwa. Jumamosi mmerudiana, kwa sababu yeye ndiye vikseni wa video na malipo ya mwisho bado. Zipo kiki nyingine: picha ya hospitali yenye dripu, kuokoka kwa wiki mbili, kumtukana msanii aliyekuzidi mara mia. Hii ya mwisho ndiyo nafuu. Akikujibu, umeula, asipokujibu, sema amekuogopa.

Ajiri chawa wawili, wasizidi, maana wanakula. Kazi yao ni kuandika "mfalme" chini ya kila picha yako na kuulizana wenyewe kwa wenyewe nani mwingine anaweza. Watazamaji wa kununua nao wapo, wanauzwa kwa maelfu na vijana wasiotaja majina yao. Hapo nakutahadharisha kidogo: watazamaji hao hawana miguu. Utatazamwa mara milioni mbili, promota atakuamini, atakodi ukumbi, na usiku wa shoo watakuja watu arobaini, kumi kati yao wakiwa wa ukoo wako na hawajalipa kiingilio. Mitandao nayo ina tabia ya kufanya usafi. Unalala na milioni mbili, unaamka na laki sita, chawa wanadai ni hujuma.

Biti ya mwenzio

Utatamani kuchukua biti ya mtu. Kila mtu hutamani. Mwaka 2019 Harmonize aliachia "Uno". Magix Enga, prodyuza wa Kenya, akadai biti imechotwa kwenye kazi yake ya "Dundaing", na video ikaondolewa YouTube. Enzi za kaseti malalamiko hayo yangeishia kijiweni, au mahakamani ambako faili lingezeeka. Leo ni fomu moja ya mtandaoni inayojazwa na mtu aliyekaa chumbani kwake Nairobi, na ngoma inayochezwa kila baa ya Sinza haipo tena. Jifunze kujaza hiyo fomu kabla ya kujifunza kinanda.

Fedha za watu wanaosubiri kupokewa

Kuna miito ya simu: mtu anampigia mwenzie, na wakati anasubiri kupokewa anasikia kiitikio chako. Nchini Kenya huduma ya Skiza ya Safaricom iliwahi kuwa ndiyo ahadi ya kila mwimbaji wa injili. Fedha zinapita kwa kampuni ya simu, zinapita kwa kampuni ya kati ambayo haijulikani hasa iko katikati ya nini, ndipo zinakufikia zikiwa zimechoka.

Somo kubwa la miito hatujapewa na waliolipwa, tumepewa na wasioombwa ruhusa. Mwana FA na AY walidai kuwa nyimbo zao mbili, "Usije Mjini" na "Dakika Moja", zilitumika kuwa miito bila ridhaa yao. Hawakwenda redioni kulia. Walikwenda mahakamani, na mwaka 2016 Mahakama ya Wilaya ya Ilala iliiamuru kampuni ya Tigo iwalipe shilingi bilioni 2.18. Kampuni ikakata rufaa, na rufaa ni muziki wa dakika nyingi. Lakini shika kalamu. Kwa shilingi zetu nne, bilioni 2.18 ni kusikilizwa mara milioni 545. Maana yake ni kwamba msanii mwenye mwanasheria, akitumiwa bila ruhusa na mwenye uwezo, anaweza kuamriwa malipo ambayo hakuna kusikilizwa kutakakomletea. Omba Mungu uibiwe na mkubwa. Kijana wa Rangi Tatu hana bilioni.

Mirabaha ipo pia. Tanzania tuna sheria ya hakimiliki tangu 1999 na tuna ofisi ya hakimiliki, COSOTA. Jisajili, usichelewe, hili nalisema bila utani. Ila usijenge nyumba kwa ahadi ya mirabaha. Mwaka 2016 kundi la Elani la Kenya, wakati nyimbo zao zikiwa hazishuki hewani, lilijitokeza hadharani kueleza kuwa chama cha kukusanya mirabaha kiliwapa shilingi 31,000 za Kenya. Watu watatu wale. Sauti tatu, gitaa moja, na mgao usiotosha kumlipa aliyewachukua video ya kulalamika.

Kusainiwa

Siku moja lebo itakupigia. Utapewa nyumba, gari, nguo, cheni na video ya kifahari, na mtandaoni vyote vitaitwa zawadi. Kwenye mkataba vinaitwa jina jingine. Usisome mkataba, wanaousoma huchelewa kutoka. Soma badala yake ukurasa wa mwisho, unaoeleza namna ya kuondoka, kwa sababu huko ndiko fedha ziliko, ila si zako. Harmonize alipoondoka lebo ya WCB Wasafi mwaka 2019 alieleza hadharani kuwa alitakiwa kulipa shilingi milioni 500 na ikabidi auze mali. Akaanzisha lebo yake, Konde, akasaini vijana. Rayvanny, wa Wasafi hiyo hiyo, naye akaanzisha ya kwake mwaka 2021, na mwaka uliofuata akaaga. Njia hiyo iko wazi hata kwako. Ukishamaliza kulipa deni la kutoka, fungua lebo. Mfano wa mkataba unao tayari kabatini.

Kula

Umeshaona sasa kwamba kila mtu katika biashara hii anauza kitu: msambazaji anauza nafasi, kampuni ya simu inauza kusubiri, YouTube inauza matangazo, chawa anauza shingo yake. Na wewe uuze kitu. Kitu chochote, isipokuwa wimbo. Diamond Platnumz alitimiza jumla ya watazamaji bilioni moja YouTube mwaka 2020. Miaka mitatu kabla, nyimbo zake zikichezwa kutoka Kigoma hadi Lagos, alikuwa ameshaingiza sokoni manukato ya Chibu na karanga za pakiti. Karanga, mdogo wangu. Watu walicheka, wakanunua huku wakicheka. Baadaye zikaja redio na televisheni yake mwenyewe, kwa hiyo hata ule usumbufu wa gari la presenta kuwa gereji akawa ameumaliza kwa kumwajiri presenta. Hakuna aliyeielewa karne hii zaidi kuliko mtu aliyetazama idadi yake ya watazamaji, akatafakari, akaenda kununua karanga.

Wewe anza kidogo. Dili la kubeti, dili la nywele bandia, kuwa balozi wa unga wa lishe ambao hujawahi kuula. Nenda shoo za mikoani, uimbie sidii, ukilegea mwelekezee shabiki kipaza sauti amalizie. Harusi za wenye fedha ni bora kuliko tamasha. Bwana harusi hulipa kabla. Na kila baada ya miaka mitano nchi hutoa msimu wa neema uitwao kampeni. Chukua kiitikio chako cha mapenzi, toa jina la mpenzi, weka jina la mgombea, mizani inakubali. Utalipwa, utasafirishwa, utakula hotelini, na uwanja utajaa bila wewe kununua mtazamaji hata mmoja.

Ukiwa jukwaani hapo, tazama viti vya mbele. Sugu alitoka kwenye kipaza sauti akaingia bungeni kwa Mbeya Mjini mwaka 2010. Profesa Jay akafuata Mikumi mwaka 2015. Mwaka 2020 ilikuwa zamu ya Mwana FA kupitia Muheza na Babu Tale, meneja wa Diamond, kupitia Morogoro Kusini Mashariki. Na mwaka 2023 Mwana FA aliteuliwa kuwa Naibu Waziri wa Utamaduni, Sanaa na Michezo. Hakuna mtandao wowote wa muziki unaolipa mshahara wa kila mwezi, posho ya kikao na mafuta ya gari. Ukifika huko vaa suti ya rangi moja na uache kusema "mazee". Iko siku mbunge wa viti vya nyuma atasimama kuuliza ni lini wasanii wachanga wataanza kulipwa kwa haki na hii mitandao ya kimataifa. Usitafute karatasi. Simama, rekebisha tai, sema: "Mheshimiwa Spika, Serikali inaendelea kulifanyia kazi." Kisha kaa.